Mbele nyembamba, nyuma pana: maswali kuhusu tairi za saizi mbili kwenye gari linalovuta magurudumu manne

Maswali haya nimeyaokota kwa miaka kadhaa hapa Nairobi, mengi kutoka kwa watu waliofika gereji yetu ya Industrial Area wakiwa na rimu mbili ndani ya buti na nyingine mbili kwenye kiti cha nyuma, tayari zimeshalipiwa. Laiti wangeuliza kabla ya kulipa. Mengi yanahusu Subaru, kwa sababu mji wenyewe umejaa Subaru, lakini wenye X-Trail, CR-V na BMW nao watajikuta humu.

Fundi, nataka tairi pana nyuma na nyembamba mbele kwenye Impreza yangu ya manne kwa manne. Inawezekana? Nijibu kwa kifupi.

Inawezekana. Mimi singefanya.

Basi nijibu kwa kirefu.

Watu husema "tairi pana huua giaboksi". Upana hauui chochote. Kinachoua ni kimo, yaani kipenyo cha tairi kuanzia chini hadi juu. Ikiwa tairi ya mbele na ya nyuma zina kipenyo kimoja, zitazunguka mara sawa kwa kila kilomita, na gari halitajua kwamba moja ni nene. Zikitofautiana kipenyo, ile fupi hulazimika kuzunguka zaidi ili kwenda sambamba na mwenzake. Gari la kuvuta mbele pekee au nyuma pekee halijali jambo hilo. Gari ambalo mbele na nyuma zimeunganishwa kwa propela, yaani ile shafti ndefu inayopita chini ya gari, linajali sana.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Soma namba za ubavuni mwa tairi, mathalani 225/45R17. Ile 225 ni upana kwa milimita. Ile 45 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Zidisha 225 kwa 0.45, upate 101.25. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo zidisha kwa mbili: 202.5. Rimu ya inchi 17 ni milimita 431.8. Jumla, tairi hiyo ina kipenyo cha milimita 634.3.

Sasa tuseme mtu anataka kupanua nyuma. Akiweka 255/40R17, kipenyo ni 635.8. Tofauti ni milimita moja na nusu, na hapo amefanya hesabu yake vizuri. Lakini wengi hawafanyi hivyo. Wanachukua 245/45R17, kwa sababu namba mbili za mwisho zinafanana na za mbele na muuzaji amewaambia "ni size ileile bosi, imepanuka tu". Hiyo ina kipenyo cha 652.3. Tofauti imefika milimita 18, karibu asilimia 3.

Asilimia 3 ni nini? Si ni kidogo tu?

Kwenye karatasi, ndiyo. Ya mbele itazunguka takriban mara 502 kwa kilomita, ya nyuma mara 488. Hiyo ni mizunguko 14 ya ziada kila kilomita, barabara ikiwa imenyooka kama rula. Nenda Mombasa, kilomita 480 hivi, na mbele itakuwa imeizidi nyuma kwa mizunguko zaidi ya 6,500. Na propela huzunguka takriban mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, kwa hiyo huko katikati tofauti inazidi 26,000.

Kuna watakaosema: mbona gari likikata kona magurudumu hutofautiana mwendo na halivunjiki? Kweli, kifaa cha katikati kinachounganisha mbele na nyuma kiliundwa kwa ajili hiyo. Lakini kona huisha. Ukishaiacha Roundabout ya Nyayo, kifaa kinapumzika. Ukiwa na tairi za vipenyo viwili, ni kama umelipatia gari kona isiyoisha, kutoka Mlolongo mpaka Mariakani.

Ni nini hasa kinachoharibika? Na je, magari yote ni sawa?

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo nivumilie.

Subaru ya manyuali, ile Forester au Impreza ya kawaida, ina difu ya kati (gia zinazoruhusu mbele na nyuma zitofautiane mwendo) iliyofungwa pamoja na viskasi. Viskasi ni mkebe wenye sahani nyingi nyembamba zinazopakana, ndani yake kuna majimaji ya silikoni. Mbele na nyuma zikienda mwendo mmoja, sahani zinazunguka pamoja na hakuna kinachotokea. Zikitofautiana, sahani zinakoroga silikoni, inapata joto, inatanuka na kuanza kuzishika. Ndivyo gari linavyojinasua kwenye tope. Lakini ukiikoroga saa tano mfululizo kwenye lami, silikoni inapikika. Mwisho wake viskasi hujifunga moja kwa moja, gari likawa kama limeunganishwa kwa nondo.

Subaru za otomatiki, nyingi zake, hazina viskasi. Zina klachi ya sahani nyingi nyuma ya giaboksi, na kompyuta ndiyo inayoamua ibane kiasi gani. Tairi zikitofautiana, klachi inateleza bila kukoma. Oili ya giaboksi inachafuka, sahani zinalika, na ukifungua unakuta oili nyeusi yenye harufu ya ugali ulioungua.

Honda CR-V za zamani zina ujanja mwingine. Kule nyuma kwenye difu kuna pampu mbili za oili, moja inaendeshwa na propela na nyingine na magurudumu ya nyuma. Zikizunguka sawa, shinikizo halijengeki na gari linavuta mbele tu. Zikitofautiana, shinikizo linabana klachi na nyuma inaanza kuvuta. Ukilivalisha gari hilo tairi za vipenyo viwili, pampu zitadhani magurudumu ya mbele yanateleza siku nzima.

X-Trail yenye swichi ya 2WD, AUTO na LOCK ina klachi ya umeme. Ukiiacha kwenye 2WD unapunguza madhara, ila usiijaribu LOCK kwenye lami ukiwa na tairi za aina hiyo.

Prado ya 120 au 150 ina difu ya kati ya meno inayofanya kazi muda wote. Ina roho ngumu kuliko viskasi, lakini si chuma kisicholika. Hilux na Land Cruiser za kazi, zile unazoingiza 4H kwa mkono, zikiwa kwenye 2H mbele haijaunganishwa na chochote, vaa unavyotaka. Ukiingiza 4H, mbele na nyuma zinafungwa kabisa bila difu katikati, na hapo hata tofauti ndogo inauma.

Mbona BMW X5 ya jirani yangu Kileleshwa ilitoka kiwandani na tairi pana nyuma?

Kwa sababu waliopanga walifanya hesabu. Angalia saizi moja inayopatikana sana kwenye X5: mbele 275/40R20, nyuma 315/35R20. Fanya ile hesabu ya juu. Mbele unapata milimita 728, nyuma 728.5. Nusu milimita! Porsche Macan ya rimu 18 ina 235/60 mbele na 255/55 nyuma, ambazo hupishana kwa milimita moja na nusu hivi. Hata Nissan GT-R, ya 255/40R20 mbele na 285/35R20 nyuma, hutofautiana kwa chini ya asilimia moja, na kompyuta yake ililelewa na saizi hizo tangu utotoni.

Wenye BMW pia wanajua kile kinyota kidogo kilichochapwa ubavuni mwa tairi. Si pambo. Kinamaanisha tairi hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya BMW. Tairi mbili zenye namba sawa kutoka kwa watengenezaji wawili zinaweza kupishana milimita kadhaa zikipimwa kwa mkono, na xDrive, mfumo wa BMW wa manne kwa manne, ina transfa (kisanduku kinachogawa nguvu mbele na nyuma) yenye klachi isiyopenda mchezo. Mwenye X5 anayeweka tairi za kampuni moja mbele na nyingine nyuma "kwa sababu offer ilikuwa nzuri" nitakutana naye baada ya muda, gari likitetemeka kila anapokanyaga mafuta taratibu.

Mimi sina hizo fashoni. Rimu zangu nne ni sawa na tairi zangu ni saizi moja. Hili halinihusu, sivyo?

Linakuhusu kuliko yeyote.

Tairi mpya huwa na kina cha meno cha milimita 8 hivi. Ikilika mpaka 3, imepoteza milimita 5 juu na 5 chini, yaani kipenyo kimepungua kwa milimita 10. Kwenye 225/45R17 hiyo ni asilimia 1.6. Linganisha na yule wa 255/40 nyuma aliyepishana kwa milimita moja na nusu. Yule mpenda sifa, kama alifanya hesabu, gari lake liko salama kuliko la mwalimu mtulivu aliyenunua tairi mbili mpya na kuziacha mbili zilizochakaa.

Kwa Subaru, kipimo kinachotajwa siku zote ni kwamba mzingo wa tairi zote nne usitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 na ushei. Kwa kina cha meno, hiyo ni milimita moja tu. Mbili mpya na mbili za milimita 3 zinapishana mzingo kwa milimita 31.

Najua kwa sababu yalinikuta. Mwaka 2016, kabla sijawa na akili ya leo, nilinunua tairi mbili kwa sababu pesa ilikuwa ya mbili. Nikazifunga mbele kwenye Forester yangu ya manyuali, nikaenda Kisumu na kurudi. Wiki ile ile, nikitoka basimenti moja ya Westlands, gari likakataa kukata kona. Lilikuwa kama mtu amevuta hendibreki. Fundi niliyempelekea akaniambia ni breki zinashika, akabadilisha pedi, akala pesa yangu, na gari likaendelea kukokota miguu vilevile. Wa pili naye akagusa breki. Wa tatu, mzee mmoja asiye na maneno mengi, hakufungua hata boneti. Aliinama, akaingiza ukucha kwenye meno ya tairi ya mbele, kisha ya nyuma, akanitazama jinsi mzazi anavyomtazama mtoto aliyevunja sahani. Viskasi ilikuwa imejifunga. Ya mtumba niliyoinunua na kazi ya kushusha giaboksi vilikula pesa ya kununua seti nzima ya tairi nne, na chenji ikabaki.

Kwa hiyo kwenye gari la manne kwa manne, nunua nne. Pesa ikiwa ya mbili, subiri, au tafuta mbili za mtumba zenye kina kinacholingana na zilizopo. Marekani kuna maduka yanayonyoa tairi mpya kwa mashine hadi ilingane na wenzake watatu. Mara ya kwanza kusikia nilicheka, nikidhani ni utani wa watu wenye pesa. Sicheki tena.

Nitapimaje mwenyewe?

Usitegemee utepe wa fundi cherehani. Una sentimita 150, na mzingo wa tairi ni karibu mita mbili. Chukua uzi usiovutika, uzungushe katikati ya meno ya tairi, weka alama, kisha uunyooshe sakafuni na kuupima kwa futi ya chuma. Fanya kwa zote nne, zikiwa na upepo sawa, na gurudumu unalopima likiwa limeinuliwa kwa jeki mahali tambarare ili uzi upite chini.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya chaki. Chora mstari kwenye tairi na mwingine chini pale pale inapogusa sakafu. Sukuma gari taratibu mpaka tairi izunguke mara tano kamili, chora tena, upime umbali. Rudia kwa tairi ya nyuma. Njia hii inapima tairi ikiwa imebeba uzito wa gari, na kosa dogo la mkono linagawanywa kwa tano. Kwa kina cha meno kuna kipimo kidogo cha bei ya chai na mandazi, kinauzwa Kirinyaga Road. Kiweke kwenye dashibodi.

Dalili ni zipi kwamba nimeshaanza kuharibu?

Katika parking, usukani ukiwa umezungushwa mpaka mwisho, gari linakuwa zito, linaruka-ruka au tairi zinalia kama zinakwaruzwa. Ukiachia mafuta linasimama mapema kuliko lilivyozoea. Mlio wa mvumo unaoongezeka na mwendo, kutoka chini katikati. Harufu ya oili iliyoungua baada ya safari ndefu. Taa ya ABS au ya kuzuia kuteleza inawaka bila sababu, kwa kuwa sensa za magurudumu zinaona upande mmoja unakimbia kuliko mwingine na kompyuta inaamini unateleza. Hiyo ya taa isiichezee akili yako: usifute code za hitilafu kwa mashine na kuondoka. Pima tairi kwanza.

Je, gari litashika barabara vizuri zaidi?

Magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma na yenye nguvu nyingi hunufaika na tairi pana nyuma, kwa sababu nguvu yote inashukia pale. Subaru yako haiko hivyo. Injini yote imetangulia mbele ya ekseli ya mbele, na hata kwa tairi sawa, ukiingia kona kwa pupa pua huwa inapenda kwenda moja kwa moja. Ukiongeza mshiko nyuma bila kuongeza mbele, umeongeza tabia hiyohiyo. Utaijua siku moja kwenye zile kona za kuteremkia Mai Mahiu.

Kisha kuna mvua. Tairi pana huelea juu ya maji mapema kuliko nyembamba, na Aprili kwenye Thika Road maji yanasimama kama bwawa. Mashimo nayo: ubavu ukipungua, rimu ndiyo inayopokea kipigo. Ukitaka mshiko wa kweli, nunua tairi nne za ubora wa juu katika saizi ya kiwanda. Hakuna mtu atakayepiga picha, lakini gari litakushukuru.

Nimeng'ang'ania. Nizingatie nini kwenye rimu?

Sawa, ni gari lako. Kwanza matundu ya nati. Impreza na Forester nyingi zilizojaa mjini ni 5x100, lakini Impreza STI za kuanzia 2005 na Forester ya 2019 kuendelea ni 5x114.3. Haziingiliani, na usikubali mtu akutobolee mengine. Tundu la katikati kwenye Subaru ni milimita 56.1, na rimu ya tundu kubwa inahitaji ringi ya kujazia, la sivyo usukani utatetemeka hata baada ya balansi.

Pili, upana wa rimu. 225/45R17 inakaa kwenye rimu ya inchi 7 hadi 8.5, na 255/40R17 inataka 8.5 hadi 10. Kuvuta tairi nyembamba juu ya rimu pana ili "ikae stretch" ni kuacha ukingo wa rimu uchi mbele ya kila tuta la Eastlands.

Tatu, ofseti, yaani rimu imekaa ndani au nje kiasi gani. Rimu pana inaongezeka pande zote mbili: ndani inatafuta shokabu, nje inatafuta fenda. Jaribu ukiwa na abiria watatu nyuma, si gari likiwa tupu juu ya jeki. Spesa (sahani za kusogeza rimu nje) za bei rahisi zinazokaa bila kushikwa na tundu la katikati, sizifungi hata nikilipwa mara mbili.

Vipi kuhusu kuzungusha tairi mbele na nyuma?

Sahau. Zitabaki upande wake mpaka zife. Na kwa kuwa za mbele hulika kwa kasi tofauti na za nyuma, ule ulinganifu uliouhesabu kwa makini siku ya kwanza unapotea taratibu kila mwezi. Pima kila baada ya kilomita 5,000.

Nimepata pancha na spea yangu ni ile nyembamba. Nifanyeje?

Subaru nyingi za zamani za otomatiki ya gia nne zina nafasi tupu kwenye sanduku la fyuzi chini ya boneti, imeandikwa FWD. Chomeka fyuzi pale, taa ya FWD iwake kwenye dashibodi, na nyuma imeachiliwa. Nenda polepole mpaka kwa fundi wa pancha wa karibu, halafu uitoe. Za manyuali na za kisasa hazina msaada huo, kwa hiyo safari iwe fupi kweli. Spea si ya kurudi nayo ushago.

Magari ya umeme na haibridi je?

Hapa mambo hulegea. Harrier Hybrid ya manne kwa manne haina propela. Nyuma inasukumwa na mota yake yenyewe. Note e-POWER ya manne kwa manne ni hivyo hivyo. Hakuna chuma kinachounganisha mbele na nyuma, kwa hiyo hakuna cha kujifunga. Ndiyo maana Tesla Model Y Performance inaweza kutoka kiwandani na 255/35R21 mbele na 275/35R21 nyuma, vipenyo vinavyopishana kwa milimita 14, na isidhurike. Bado ABS inahesabu mizunguko, basi baki kwenye saizi ambazo mtengenezaji ameziidhinisha.

Bima inahitaji kujua?

Waambie kwa maandishi, kabla ya ajali. Kampuni ya bima ikitafuta sababu ya kutolipa, rimu zisizo za kiwanda ndizo za kwanza kuonekana kwenye picha.

Nimeshanunua seti ya 225/45 na 245/45, na muuzaji hataki kurudisha. Nifanye nini?

Usizifunge. Tafuta mwenye 245/45 mbili anayetaka wenzake, au uza za nyuma na kununua 255/40 mbili kama rimu zako za nyuma ni 8.5 au zaidi. Mwenye BMW E46 au Toyota Mark X inayovuta nyuma pekee anaweza kuzitumia zote nne bila shida, ila kwanza ahakikishe rimu na fenda zinakubali. Kabla hujamuuzia, mwonyeshe namba nne za mwisho za DOT ubavuni, wiki na mwaka zilipotengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na bei ishuke kulingana na hapo.